Muuaji wa nzige: majina ya zamani ya maziwa na milima ya Kivu ya Kaskazini

Wavuvi wa Vitshumbi na Kyavinyonge wanavua katika ziwa ambalo ramani zinaliita Edward. Jina hilo lililetwa na Stanley mwaka 1889, kwa heshima ya mtoto wa malkia wa Uingereza. Miaka ya 1970 liligeuzwa kuwa Ziwa Idi Amin, na Ziwa Albert likapewa jina la Rais Mobutu. Majina hayo mawili hayakudumu.

Wazee wana jina lingine: Rutanzige, yaani muuaji wa nzige. Wanasimulia kwamba makundi ya nzige yalipojaribu kuvuka maji yalichoka katikati, yakaanguka na kuzama. Mashamba ya ng'ambo yakapona. Ziwa Albert nalo, kabla Baker hajalifikia mwaka 1864, liliitwa Luta Nzige, maana ni ileile. Mto Semliki, unaotoka Rutanzige pale Ishango, ndio unaounganisha maziwa hayo. Waliotoa majina haya walijua nini kinalinda mavuno.

Milima pia inasema. Kwa Kinyarwanda, Mikeno ni maskini: kule juu hakuna aliyeweza kujenga wala kulima. Karisimbi linatokana na simbi nyeupe, kwa sababu kilele chake mara nyingine huwa cheupe. Hadithi ya Ryangombe inasema wafuasi wake wakifa huenda kupumzika Karisimbi, na wengine hutupwa katika moto wa Nyiragongo. Moto huo ulishuka mwaka 1977, 2002 na 2021, ukala nyumba na mashamba.

Leo familia nyingi za Rutshuru na Masisi ziko mbali na ardhi yao. Vijijini mashamba mengi hayana hati. Yanatambuliwa na wazee na majirani, kwa kutaja kijito, mti, kilima. Mengi ya majina hayo hayako kwenye ramani. Mzee akifa ugenini bila kuyataja, siku ya kurudi mpaka utaleta ugomvi.

Baba au bibi anaweza kuanza jioni hii: kutoka barabarani mpaka kijitoni, kutoka kijitoni mpaka shambani, na nani alilima upande wa pili. Mtoto ayaandike majina hayo yote, hata kwenye daftari la shule.