Sikio la wakili

Mwishoni mwa mwaka 1952 serikali ya kikoloni iliwapeleka Jomo Kenyatta na wenzake watano Kapenguria, mbali kaskazini-magharibi mwa Kenya, washitakiwe kwa kuendesha Mau Mau. Hapakuwa na hoteli wala maktaba ya sheria. Mawakili walilala Kitale, na kila asubuhi wakaifuata barabara hadi kwenye darasa lililogeuzwa mahakama.

Aliyewaongoza alikuwa Mwingereza, D. N. Pritt. Tumezoea kumsifu wakili kwa ulimi wake, lakini Kapenguria lililotangulia ni sikio. Mkalimani wa mahakama alikuwa Louis Leakey, mtaalamu wa Wakikuyu aliyejulikana kuipinga Mau Mau. Pritt, ingawa hakujua Kikuyu, aliipinga tafsiri yake mpaka Leakey akajitoa. Alijua kwamba neno likishapotoshwa na mkalimani, hakimu huandika upotofu huo kuwa ndio ushahidi.

La pili ni subira. Shahidi mkuu, Rawson Macharia, alidai kwamba mwaka 1950 alimwona Kenyatta akiwalisha watu kiapo. Pritt alimhoji, kisha upande wa utetezi ukaleta mashahidi kumi kumkanusha. Hakimu Ransley Thacker, ambaye serikali ilimlipa pauni 20,000 nje ya mshahara, aliwakataa wote kumi akamwamini mmoja. Tarehe 8 Aprili 1953 washitakiwa wote sita walihukumiwa miaka saba na kazi ngumu.

Basi umahiri ule ulifaa nini mbele ya hakimu wa namna hiyo? Ulifaa kuacha maandishi. Kila pingamizi na kila jibu la shahidi liliingia kwenye kumbukumbu za kesi. Mwaka 1958 Macharia aliapa kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo, alioutoa kwa ahadi ya kusomeshwa Uingereza. Serikali ilimshitaki yeye kwa kiapo hicho kipya, naye akafungwa. Lakini watu sasa waliweza kuyaweka maneno yake mawili kando kwa kando.

Miongoni mwa mawakili waliomsaidia Pritt alikuwemo kijana Fitz de Souza, baadaye naibu spika wa bunge la Kenya huru. Sheria alikuwa amekwisha kuisoma. Namna ya kuitetea kesi ambayo hakimu amekwisha kuiamua, aliiona Kapenguria, siku baada ya siku.