Mathias Mnyampala na Mashairi ya Vinywa Viwili



Hakuna sherehe ya parokia au kigango, iwe Temeke, Mbagala au Kinondoni, isiyokuwa na ngonjera. Watoto wa Utoto Mtakatifu hujipanga mbele, mmoja akauliza, mwingine akajibu, nasi tukapiga makofi. Wachache hukumbuka kuwa utungo huo ulipata umaarufu nchini kwa kazi ya Mkatoliki mwenzetu, Mathias Mnyampala. Juma hili ningependa tumtafakari, hasa namna yake ya kutunga, kwa maana namna ya kutunga ndiyo iliyoamua sura ya vitabu vyake.

Mnyampala alizaliwa Dodoma mwaka 1917, Mgogo kwa kabila. Aliwahi kuwa liwali, kisha hakimu, na mwaka 1954 kilichapishwa kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Hata hivyo alijifunza sanaa ya mashairi ya pwani, sanaa iliyolelewa kwa karne nyingi na washairi Waislamu, hata akatoa Diwani ya Mnyampala mwaka 1963. Katika miaka hiyohiyo alizitia Injili na Zaburi katika utenzi.

Utenzi una masharti yake. Kila ubeti una mishororo minne ya mizani nane. Mitatu ya kwanza hulingana kwa vina, na kina cha mshororo wa nne hakibadiliki tangu mwanzo hadi mwisho. Anayeitunga Injili kwa mtindo huo hawezi kwenda mbio. Kila neno hupimwa, lisivunje mizani wala lisipotoshe Habari Njema. Kazi ya namna hii huzaa kitabu cha sauti moja, sauti ya msimulizi.

Ngonjera ilimdai kitu kingine. Mwaka 1968, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi watumie vipaji vyao kuwaelimisha wananchi. Mnyampala, aliyekuwa katika chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, yaani UKUTA, alitunga mashairi ya kusemwa kwa vinywa viwili au zaidi, ili wanafunzi wayaghani mbele ya watu. Hapo mshairi hatungi kwa ajili ya jicho la msomaji. Anamtungia mtoto atakayesimama uwanjani: maneno yawe mepesi kukaririwa, na kila hoja ipate jibu lake. Katika malumbano ya kawaida washairi wangeweza kuachana bila kupatana. Katika ngonjera wabishani lazima wafikie mwafaka. Mnyampala alifariki mwaka 1969. Ngonjera za UKUTA, kitabu cha kwanza, kilitoka mwaka 1970, na cha pili mwaka 1971.

Hapa ndipo penye nguvu na udhaifu wa vitabu hivyo. Mwafaka ukijulikana kabla ya ubishi kuanza, mwenye shaka hupewa beti za kushindwa tu. Nasi tumeurithi udhaifu huo. Katika ngonjera zetu za parokia, kijana anayeuliza kwa nini aende kanisani huongoka katika ubeti wa tatu! Vijana wetu halisi hawaongoki upesi hivyo, na wakisikia swali lao limefanywa dhaifu, wanajua hatukuwasikiliza.

Mnyampala wa Zaburi anaweza kutusaidia. Zaburi humwacha mtu alalamike mbele ya Mungu. Ile ya 88 huishia gizani, bila faraja. Mwenye kuitunga upya sharti aubebe uchungu wote huo. Basi, ninyi walezi na watunzi, mwandikieni mwenye shaka beti zenye uzito, ndipo jibu litakuwa jibu kweli.

Naye Mwalimu aliyewaita washairi alikuja kuifuata njia hiyohiyo: alizitunga Injili kwa utenzi, na Tenzi za Biblia zikachapishwa mwaka 1996.

Kwa tafakari yetu: katika jumuiya yako, ni swali la nani lililojibiwa kabla halijasikilizwa?

Mungu awabariki.