Ukumbi wa zamani: tubomoe ama tutumie?

UZI. Kila mjadala wa kujenga upya Eastlands ukianza, kuna wa kusema bomoeni mjenge maghorofa, na kuna wa kusema hifadhini historia. Mimi naona wote wanaruka swali moja: nani anaruhusiwa kuingia?

Chukua Maktaba ya McMillan pale tao. Ilifunguliwa 1931, nguzo ndefu, simba wawili wa mawe mlangoni. Ina hadi sheria yake, ya 1938. Lakini kwa miaka mingi Mwafrika hangeingia humo kusoma. Jengo lilitunzwa vizuri sana, ila halikutunzwa kwa ajili yetu.

Sasa shuka Jogoo Road hadi Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa wafanyakazi Waafrika. Mkoloni aliweka ukumbi ili watu wapumzike, wacheze, watulie. Watu wakaingia na mambo yao. Tarehe 23 Aprili 1950, mkutanoni ndani ya ukumbi huo, kiongozi mmoja wa wafanyakazi alisimama akadai uhuru kamili. Mwezi uliofuata akakamatwa, na mgomo ukatikisa Nairobi nzima. Kuta zilikuwa zile zile za mkoloni. (Hii hatukufunzwa shule ya upili, nimeipata chuo.)

Juzi juzi pia imefanyika. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa 2017, lilikubaliana na kaunti kukarabati McMillan na matawi yake mawili, Kaloleni na Makadara. Tamasha la NBO Litfest limefanyika ndani ya maktaba hizo. Watoto wa mtaa wanasoma, na wakubwa wana mahali pa kukutana. Hakuna aliyehitaji kubomoa kitu.

Kwetu Lucky Summer hatuna jengo la mkoloni la kugombania. Ni ploti juu ya ploti. Tukitaka mazoezi ya mchezo wa kuigiza, tunaomba kanisa ama tunakodisha darasa. Kwa hivyo mgombea akija na ahadi ya ukumbi wa kisasa, muulizeni funguo zitakaa na nani, Jumapili jioni utakuwa wazi ama la, na kikundi cha vijana kitalipa ngapi. Nao watu wa Kaloleni wakiletewa mchoro wa maghorofa, watafute kwanza ukumbi wao uko wapi kwenye hiyo karatasi.