Sheria ya Matuta Katika Milima ya Uluguru

Chama chetu kikitimiza mwaka wa kumi, twaona yapasa kukumbuka jambo lililowapata wazee wetu kabla ya ushirika huu kuwako, maana shauri lake bado liko mezani petu.

Mnamo mwaka 1950 Serikali ya Kiingereza ya Tanganyika ilianza mpango wa matumizi ya ardhi katika Uluguru. Sababu yake haikuwa ya uongo. Miteremko ililimwa bila kinga, mvua ikachukua udongo, na mto Ruvu, upatao maji yake kutoka milima hii, ukajaa tope wakati wa masika. Ikaamriwa kila mwenye shamba achimbe matuta ya ngazi, asichome majani, wala asilime kandokando ya vijito. Aliyekaidi alipelekwa barazani kutozwa faini.

Hebu sasa tuhesabu kama mkulima alivyohesabu. Udongo wenye rutuba mlimani ni mwembamba; jembe lichimbapo tuta pana huufukia, likaleta juu udongo wa chini usio na nguvu. Mavuno ya misimu ya kwanza hupungua mpaka shamba litiwe samadi, na ng'ombe wa samadi milimani walikuwa haba. Tena ardhi ni ya ukoo, hurithiwa upande wa mama: aliyelima kipande cha kuazima, amchimbie nani matuta? (Wapo walioshuku kwamba Serikali yatengenezesha mashamba ili iyatwae.) Faida ya maji safi ilishuka bondeni, jasho likabaki juu.

Mwezi wa Julai 1955 ghasia zilitokea Matombo, polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akafa. Matuta ya lazima yakaachwa. Na pamoja nayo, ole wetu, yakaachwa hata mema ya mpango ule.

Miaka hamsini baadaye njia nyingine ilijaribiwa. Kwa mpango wa mashirika ya CARE na WWF, wakulima wa baadhi ya vijiji vya Uluguru walilipwa kwa kuchimba matuta na kupanda miti, na DAWASCO, lililosambaza maji Dar es Salaam wakati ule, lilikuwa miongoni mwa walipaji. Mnywa maji alimlipa mlinda maji.

Katika mkutano mkuu ujao wanachama wataulizwa kama chama kitunge sharti la matuta kwa kila shamba la mteremko. Sisi twalikubali, ila kwanza kiandikwe kifungu kwamba samadi, na upungufu wa mavuno ya misimu miwili ya mwanzo, vitalipwa na mfuko wa chama.