Mlango wa Bunge na Watu Walioufungua

Kila mwaka tufikapo katika somo la serikali, wanafunzi wetu wa chuo cha ualimu hutuuliza swali lile lile: "Mwalimu, je, mtu yeyote aweza kusimama ili achaguliwe, au ni lazima awe na mali na jina?" Swali hili ni jema, nasi hatupendi kulijibu kwa neno moja. Maana kupiga kura ni jambo moja, na kupigiwa kura ni jambo jingine. Watu waweza kupewa ruhusa ya kuchagua, na huku wale wanaoruhusiwa kuchaguliwa wakawa ni wachache tu, wote matajiri. Ni kama mtu aambiwaye, "Chagua ng'ombe umpendaye," naye akifika zizini akuta ng'ombe mmoja peke yake.

Basi leo twataka kueleza habari za Uingereza, kwa kuwa sheria zake za uchaguzi zilivuka bahari zikafika mpaka kwetu. Bunge la nchi ile lina mabaraza mawili: Baraza la Malodi, ambalo watu hawalichagui, na Baraza la Wajumbe, ambalo watu hulichagua. Tutautazama mlango wa hilo Baraza la Wajumbe: ulikuwa na makomeo gani, na kila komeo liliondolewaje.

Komeo la kwanza lilikuwa mali. Mwaka 1711 ilitungwa sheria ya kwamba mtu atakaye kuwa mjumbe wa wilaya awe na ardhi impatiayo pauni 600 kila mwaka, na mjumbe wa mji awe na ardhi ya pauni 300. Fedha sandukuni hazikutosha. Ilikuwa lazima iwe ardhi. Waliotunga sheria walisema kwamba mwenye ardhi hanunuliki. Lakini mambo hayakwenda hivyo. Mtu asiye na shamba alimwendea rafiki yake tajiri, akaandikiwa hati ya shamba kwa muda, na uchaguzi ukiisha shamba humrudia mwenyewe. Sheria ikawa kama wavu uliotoboka: mjanja alipita, maskini mwenye haya akanaswa.

Mwaka 1838 wafanya kazi wa Uingereza waliandika madai yao sita katika hati iliyoitwa Mkataba wa Watu. Dai moja lilikuwa kwamba sharti la mali liondolewe kwa wajumbe, na jingine kwamba wajumbe walipwe mshahara. Walipeleka maombi yao Bungeni mwaka 1839, na 1842, na 1848, na mara zote tatu walikataliwa. Lakini neno jema likisha kusemwa halirudi kinywani. Mwaka 1858 mjumbe mmoja wa mji wa Beverley, Edward Auchmuty Glover, alihukumiwa kifungo kwa kutoa tamko la uongo juu ya mali yake, na watu wote wakaona jinsi sharti lile lilivyokuwa mchezo. Mwaka ule ule likafutwa.

Komeo la pili lilikuwa kiapo, nalo lilikuwa gumu kuliko la kwanza. Mjumbe aliyekwisha kuchaguliwa hakuweza kuketi mahali pake mpaka ameapa, na maneno ya kiapo yalikuwa yametungwa ili kuwazuia watu wa dini nyingine. Mkatoliki hakuweza kuyatamka pasipo kuikana imani yake. Hivyo sheria haikusema waziwazi, "Mkatoliki asichaguliwe." Ilimngoja mlangoni.

Mwaka 1828 Daniel O'Connell, Mkatoliki wa Ireland na mwanasheria, alisimama katika wilaya ya Clare. Wapiga kura wengi wa huko walikuwa wakulima wadogo waliokaa katika ardhi za mabwana wakubwa. Tena siku zile kura haikuwa ya siri. Mtu alisema kwa sauti, mbele ya watu wote, jina la yule amtakaye, na wakili wa bwana shamba amesimama pale akisikia. Kufukuzwa katika shamba lilikuwa jambo jepesi sana. Juu ya hayo wakulima wale walitaja jina la O'Connell, akapata kura 2,057, na mshindani wake, aliyekuwa waziri, akapata 982.

Serikali ikaona kwamba ikimfungia mlango huyu, wilaya nyingine za Ireland zitafanya vivyo hivyo, na huenda pakatokea vita. Mwezi wa Aprili 1829 Bunge likawaruhusu Wakatoliki kuingia. O'Connell alipokwenda kuketi aliambiwa kwamba yeye alichaguliwa kabla ya sheria mpya, basi aape kiapo cha zamani. Alikataa, akarudi Clare, akachaguliwa tena, wala hapakuwa na mtu wa kushindana naye.

Lakini tusifiche upande wa pili wa habari hii. Katika mwaka ule ule Bunge lilipandisha kiwango cha mali kwa wapiga kura wa wilaya za Ireland, kutoka shilingi 40 za mapato ya ardhi kwa mwaka mpaka pauni 10. Wale wakulima wadogo waliofungua mlango kwa sauti zao walinyang'anywa kura zao. Mlango ulifunguliwa, na waliousukuma wakaachwa nje. Mwanafunzi wa historia ayashike maneno haya, maana yamepata kutokea mahali pengi.

Baada ya Wakatoliki wakaja Wayahudi. Mwaka 1847 watu wa London walimchagua Lionel de Rothschild. Katika kiapo mlikuwa na maneno yasemayo kwamba mtu aapa kwa imani ya kweli ya Mkristo, naye kama Myahudi hakuweza kuyasema. Baraza la Wajumbe lilipitisha sheria ya kuyaondoa, na Baraza la Malodi likaikataa, mara kwa mara. Watu wa London nao hawakuchoka. Kila uchaguzi walimrudisha yule yule. Aliingia hatimaye tarehe 26 Julai 1858, baada ya miaka kumi na mmoja ya kungoja. Na jambo la ajabu ni kwamba katika miaka yake yote humo hakutoa hotuba hata moja. Kuketi kwake kulitosha kuwa hotuba.

Wa tatu alikuwa Charles Bradlaugh, aliyechaguliwa na mji wa Northampton mwaka 1880. Huyu hakuamini kwamba kuna Mungu, wala hakuficha. Aliomba aseme ahadi tu badala ya kuapa, akakataliwa. Akasema, "Basi nitaapa." Akaambiwa kwamba kiapo cha asiyeamini si kiapo. Alilazwa usiku mmoja kifungoni katika mnara wa saa wa Bunge, na mwaka 1881 alitolewa nje kwa nguvu. Watu wa Northampton wakamchagua tena mwaka 1881, na 1882, na 1884, na 1885. Mwezi wa Januari 1886 Spika Arthur Peel alisema kwamba hatamruhusu mtu yeyote kumzuia mjumbe asiape, na Bradlaugh akaketi. Mwaka 1888 ilipitishwa sheria aliyoileta yeye mwenyewe, ya kwamba mtu aweza kutoa ahadi badala ya kiapo.

Mtu aweza kuwa mbali kabisa na mawazo ya Bradlaugh, kama tulivyo wengi wetu, na bado akaliona jambo lililokuwa likibishaniwa. Halikuwa kwamba Bradlaugh ni mwema au si mwema. Lilikuwa hili: ni nani mwenye kumchagua mjumbe wa Northampton, ni watu wa Northampton, au ni wale waliokwisha kuketi ndani?

Komeo la tatu halikuandikwa katika kiapo wala katika sheria ya mali. Lilikuwa umaskini wenyewe. Mjumbe hakupata mshahara, na gharama za uchaguzi zilikuwa kubwa. Mwaka 1874 wachimba makaa wawili, Thomas Burt na Alexander Macdonald, waliingia Bungeni. Burt aliweza kukaa London kwa sababu wachimba makaa wenzake walichanga fedha wakamlisha. Sheria ya kura ya siri ilipita mwaka 1872, ile ya kuweka mpaka wa gharama za uchaguzi mwaka 1883, na mshahara wa wajumbe, pauni 400 kwa mwaka, ulianza mwaka 1911. Basi dai la Mkataba wa Watu la mwaka 1838 lilikubaliwa baada ya miaka sabini na mitatu, wakati wengi wa waliolitoa walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Na wanawake je? Wao walizuiwa mpaka mwaka 1918. Mapema mwaka ule walipewa kura wale wenye miaka 30 na zaidi waliotimiza sharti la mali, na mwezi wa Novemba ikapitishwa sheria fupi sana ya kuwaruhusu kusimama. Kwa kuwa sheria ya pili haikutaja miaka 30, mwanamke wa miaka 21 aliweza kuchaguliwa, lakini hakuweza kupiga kura! Jambo hilo lilisawazishwa mwaka 1928. Wanawake 17 walisimama mwezi wa Desemba 1918, akashinda mmoja tu, Constance Markievicz, naye alikuwa gerezani, na chama chake cha Ireland kilikataa kuketi London. Mwanamke wa kwanza kuketi alikuwa Nancy Astor, mwezi wa Desemba 1919.

Liko komeo jingine, lisiloandikwa popote, nalo ni dharau. Mwaka 1886 Dadabhai Naoroji, Mparsi wa Bara Hindi, alisimama London akashindwa. Miaka miwili baadaye Waziri Mkuu, Lodi Salisbury, alisema hadharani kwamba haoni kama Waingereza watakubali kumchagua mtu mweusi. Mwaka 1892 watu wa Finsbury Central walimjibu: walimchagua Naoroji. Alishinda kwa kura tano tu, lakini tano zatosha. Aliapa akishika kitabu cha dini yake mwenyewe. Ona jinsi mlango uliofunguliwa na watu wa Clare, na London, na Northampton, ulivyomfaa mtu ambaye wao hawakumfikiria hata kidogo.

Siku hizi masharti ya Uingereza ni machache. Mtu awe na umri wa miaka 18; zamani ilikuwa 21, na sheria ilibadilishwa mwaka 2006. Awe raia wa Uingereza, au wa Ireland, au wa nchi ya Jumuiya ya Madola mwenye ruhusa ya kukaa huko daima. Wapiga kura kumi wa jimbo watie sahihi kumpendekeza. Aweke amana ya pauni 500, naye huipoteza akipata chini ya kura tano katika kila mia. Majaji, polisi, askari wa jeshi na watumishi wa serikali hawaruhusiwi kusimama wakiwa kazini. Hakuna sharti la elimu, wala la mali, wala la kuwa mtu wa chama.

Sasa turudi nyumbani, maana sheria hizi zilifika kwetu, pamoja na makomeo yake. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza mwaka 1926 bila Mwafrika hata mmoja. Waafrika wawili wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, waliingia mwaka 1945 kwa kuteuliwa na Gavana. Uchaguzi ulipokuja, mwaka 1958 na 1959, mpiga kura alitakiwa awe amefika darasa la nane, au awe na mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au awe na cheo maalumu. Tena alilazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wengi katika TANU walitaka kuususa uchaguzi ule. Mwezi wa Januari 1958, katika mkutano wa Tabora, Julius Nyerere aliwashawishi waingie. Waliingia kwa mlango mwembamba ule ule, wakashinda, na kabla ya uchaguzi wa mwaka 1960 masharti yalikuwa yamekwisha kulegezwa.

Leo Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 yataka mgombea ubunge awe raia, awe na miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Sharti hili la mwisho lilipelekwa na Mchungaji Christopher Mtikila mbele ya Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha, nayo mwaka 2013 ikaamua kwamba kumzuia mtu asiye na chama ni kuvunja haki yake. Hata hivyo sharti hilo lingali katika Katiba.

Wako wasemao kwamba sharti kama hilo laleta utaratibu, na wako wasemao kwamba ni komeo. Sisi hatutamwamulia msomaji. Twamwachia kipimo kimoja tu, ambacho historia hii imetufundisha. Usikiapo sharti lolote la kusimama uchaguzi, liwe la umri, au la elimu, au la fedha, au la chama, uliza: Je, sharti hili lawalinda watu wanaochagua, au lawalinda wale waliokwisha kuketi? Sharti la kwanza ni ukuta wa nyumba, nalo lina faida. La pili ni komeo.

Na makomeo yale ya Uingereza hayakuondoka kwa hisani ya waliokuwa ndani. Yaliondoka kwa sababu mkulima wa Clare alitaja jina mbele ya bwana wake, na watu wa Northampton walimrudisha mtu yule yule mara tano. Basi mwanafunzi akituuliza tena kama mtu yeyote aweza kusimama, tutamjibu: Aweza, iwapo wako watu walio tayari kusimama naye.