Dazeni
Dazeni ni idadi ya vitu 12 vinavyohesabiwa pamoja. Neno limetokana na Kiingereza. Katika biashara ya jumla, kwa mfano huko Kariakoo jijini Dar es Salaam, bidhaa kama daftari na kalamu huuzwa kwa dazeni.

Faida yake ni kugawanyika: 12 hugawanyika sawasawa kwa 2, 3, 4 na 6, lakini 10 kwa 2 na 5 tu. Ugumu huja kwenye bei, kwa sababu shilingi huhesabiwa kwa makumi. Dazeni ikinunuliwa kwa shilingi 10,000, kitu kimoja kimegharimu takriban shilingi 833, kiasi kigumu kutolea chenji. Kwa shilingi 12,000 ni 1,000 kamili.

Kipimo kingine cha pwani ni korja, yaani vitu 20, kama boriti za mikoko.