Filamu Isiyomwonyesha Mhusika Wake Mkuu

Mwaka 1926 mwigizaji maarufu wa Misri, Youssef Wahbi, alikubali kuigiza nafasi ya Mtume Muhammad (SAW) katika filamu iliyokuwa ikipangwa. Habari zilipofika magazetini, Cairo ilichafuka. Maulamaa wa chuo cha Kiislamu cha Al-Azhar walikuja juu, na Mfalme Fuad akatishia kumvua Wahbi uraia na kumfukuza nchini. Wahbi akajitoa, filamu ikafia hapo. Tangu siku hiyo kila aliyetaka kuisimulia kwa sinema Makka ya karne ya 7 alijua sharti lake: asimulie bila uso wala sauti ya yule ambaye kisa chote kinamhusu.

Wamisri walijaribu wakipita pembeni. Mwaka 1953 ilitoka filamu juu ya Bilal, muadhini wa Mtume. Mwaka 1971 Salah Abu Seif aliongoza Fajr al-Islam, na mwaka uliofuata ikaja al-Shaima, kisa cha dada wa kunyonya wa Mtume. Zote zililenga watazamaji wa Kiarabu. Aliyetaka kuwafikia Waarabu na Wazungu kwa wakati mmoja, kwa kisa kilekile, alikuwa Msyria mmoja aliyekuwa akiishi Marekani.

Moustapha Akkad alizaliwa Aleppo mwaka 1930. Alipoondoka kwenda kusomea filamu Los Angeles, baba yake alimpa dola 200 na Msahafu. Hakuwa na zaidi. Kijana alisoma, akafanya kazi za televisheni, akalea watoto Marekani, na akaona jinsi majirani zake wasivyoijua dini yake isipokuwa kwa vichekesho vya ngamia na majini wa chupani. Hollywood ilikwisha kutengeneza filamu kubwa za Musa na za Warumi. Ya kwao Waislamu haikuwapo.

Mpango wake ulikuwa wa gharama na wa ajabu kidogo: kutengeneza filamu mbili kwa mpigo, moja ya Kiingereza na moja ya Kiarabu, katika seti ileile, kwa mavazi yaleyale na kamera zilezile, lakini kwa waigizaji tofauti. Hakutaka kutia sauti ya Kiarabu juu ya midomo inayotamka Kiingereza. Kundi la Kiingereza lilimaliza tukio lake, likapisha, kundi la Kiarabu likaingia kuigiza tukio hilohilo. Anthony Quinn, aliyezaliwa Mexico, alikuwa Hamza, ami yake Mtume, katika toleo la Kiingereza. Abdullah Gheith wa Misri akawa Hamza wa Kiarabu. Mgiriki Irene Papas aliigiza Hind bint Utba, bibi mkubwa wa Makka aliyewapinga Waislamu, na Msyria Muna Wassef akaigiza Hind huyohuyo mbele ya Waarabu. Muswada wa Kiingereza uliandikwa na H. A. L. Craig, na upande wa Kiarabu alishirikishwa gwiji wa tamthilia, Tawfiq al-Hakim. Muziki ulitungwa na Maurice Jarre, yuleyule wa Lawrence of Arabia, na ukateuliwa kuwania tuzo ya Oscar.

Watazamaji wengi huanza kwa kumkumbuka Quinn na ndevu zake. Lakini kazi ngumu zaidi ilikuwa ya kamera. Mtume haonekani, hasikiki, hata kivuli chake hakipiti ukutani. Wake zake hawaonekani, wala makhalifa wanne wa kwanza, Abu Bakr, Umar, Uthman na Ali. Kwa hiyo mara nyingi kamera inasimama mahali pake. Watu wanaitazama moja kwa moja, wanazungumza nayo, wanainyamazia kidogo kama wanaosikia jibu, kisha wanaendelea. Kinanda laini kinasikika kuashiria kwamba yupo. Ngamia wake, Qaswa, anaonekana akiingia Madina huku umati ukimpisha achague mahali pa kupiga magoti, nasi hatumwoni aliyempanda.

Njia hiyo haikuwa ngeni kabisa. William Wyler katika Ben-Hur ya mwaka 1959 alimwonyesha Yesu kwa nyuma tu, bila sura na bila sauti, na tukio lake la kumpa maji mtumwa likawa miongoni mwa matukio yanayokumbukwa sana katika filamu ile. Tofauti ni kwamba Wyler alifanya hivyo kwa dakika chache. Akkad alilazimika kufanya hivyo kwa karibu saa 3.

Tazama pambano la Badr kati ya Waislamu wa Madina na watu wa Makka. Kwa desturi ya vita vya wakati ule, mashujaa watatu wa Makka wanatoka mbele kuwaita watatu wa Madina. Upande wa Waislamu wanatoka Hamza, Ubaida na Ali. Mtazamaji anawaona Hamza na Ubaida kwa mwili na jasho lao. Wa tatu hana mwili. Kinachoonekana ni upanga wake wenye ncha mbili, Dhulfiqar, ukikata hewa kutoka ukingo wa picha, na adui akirudi nyuma mbele ya mtu asiyeonekana. Mwongozaji mwingine angeliruka tukio lile. Akkad alikigeuza kizuizi kikawa picha ambayo hakuna filamu ya kivita ya miaka ile iliyokuwa nayo.

Sharti hilohilo liliamua nani abebe kisa. Kwa kuwa wakubwa wamefichwa, waliobaki mbele ya kamera ni Hamza, Zaid aliyelelewa na Mtume, Ammar aliyeshuhudia mateso ya wazazi wake Yasir na Sumayya, na Bilal. Filamu ya mwanzo wa Uislamu ikawa, kwa sehemu kubwa, filamu ya watumwa na wanyonge. Hapo ndipo ilipo bora.

Bilal bin Rabah wa toleo la Kiingereza aliigizwa na Johnny Sekka, mzaliwa wa Dakar aliyekulia Gambia. Tukio la adhana ya kwanza limejengwa taratibu: msikiti wa Madina umekamilika, watu wanashauriana waitane vipi kwenye sala, baragumu, kengele au ngoma, na mwisho inaamuliwa iwe sauti ya binadamu. Macho yanamgeukia Bilal, naye anapanda juu. Mtu ambaye tulimwona amelazwa juani na jiwe kifuani ndiye anayesimama juu ya wote. Baadaye, katika vita vya Uhud, mkuki unaomuua Hamza unarushwa na Wahshi, mtumwa Mhabeshi aliyeahidiwa uhuru wake. Weusi wawili, pande mbili za vita moja, kila mmoja na njia yake ya kutoka utumwani. Filamu haisemi neno juu ya hilo, na pengine ni vizuri haikusema.

Uhabeshi wenyewe umo pia. Waislamu wa mwanzo wanakimbilia ng'ambo ya Bahari ya Sham, Makureshi, kabila kubwa la Makka, wanatuma wajumbe kuwadai, na Jaafar bin Abi Talib analisomea baraza la Najashi, mfalme wa Uhabeshi, aya za Sura ya Maryam. Najashi wa Kiingereza ni Earl Cameron, mzaliwa wa Bermuda, miongoni mwa waigizaji weusi wa kwanza kupata majina makubwa katika sinema ya Uingereza. Aliishi hadi 2020 akiwa na miaka 102. Anakaa kitako, anasikiliza, machozi yanamlenga. Ni dakika chache tu, lakini ni nadra kwa filamu kubwa ya miaka ile kumpa mfalme Mwafrika hekima na heshima kama ile.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki haingii ugenini katika haya. Visa vya Badr na Uhud, vya Hamza na Bilal, vimesomwa katika maulidi na kutungiwa tenzi kwa karne nyingi. Filamu inafunguliwa na wapanda farasi watatu wanaotimua vumbi jangwani kisha kuachana njia, kila mmoja na barua: mmoja kwa Kisra wa Uajemi, mmoja Aleksandria, mmoja kwa Herakli, mfalme wa Warumi wa Mashariki. Huyu Herakli ndiye Herekali wa Utenzi wa Tambuka, uliotungwa na Bwana Mwengo wa Athman huko Pate mwaka 1728. Waswahili walikwisha kuwa na majeshi yao, farasi wao na mfalme wao wa Rumi kwa vina na mizani karne mbili na nusu kabla ya Akkad kupata kamera.

Tatizo lilikuwa pesa na idhini, na vyote viwili vilikwenda pamoja. Al-Azhar na baraza la Mashia wa Lebanon waliridhia muswada, na maandishi ya mwanzo ya filamu yanasema hivyo. Baadaye Al-Azhar ikageuka. Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu yenye makao yake Makka ilipinga tangu mwanzo. Mwaka 1974 Akkad alikuwa Morocco, karibu na Marrakech, ambako Makka ya kale ilijengwa upya pamoja na Kaaba yake. Kazi ilipokuwa imekwenda miezi kadhaa, Saudi Arabia ilimbana Mfalme Hassan II, na watengenezaji wakaambiwa wafunge virago. Aliyewapokea ni Muammar Gaddafi. Libya ilitoa fedha, jangwa, na askari wa kuigiza majeshi ya Badr na Uhud.

Filamu ilipofika London mwaka 1976, hata jina lake lilikuwa hatarini. Filamu ilikuwa iitwe Muhammad, Mjumbe wa Mungu. Vitisho vilipozidi, jina likabadilishwa kuwa The Message, na kwa Kiarabu ar-Risala. Uvumi ulienea kwamba Quinn ndiye aliyeigiza Mtume. Mtu aliyekaa dakika 20 ndani ya ukumbi angejua kuwa si kweli, lakini wengi wa waliopinga hawakuwa wameiona.

Gharama ya uvumi huo ilionekana Washington tarehe 9 Machi 1977, siku filamu ilipofunguliwa Marekani. Watu 12 wenye silaha wakiongozwa na Hamaas Abdul Khaalis, kiongozi wa kundi dogo la Waislamu wa Marekani, walivamia majengo matatu: makao makuu ya jumuiya ya Kiyahudi ya B'nai B'rith, Kituo cha Kiislamu na jengo la serikali ya jiji. Walishika mateka karibu 150. Khaalis alikuwa na jeraha la kweli: mwaka 1973 watu wa familia yake, watoto wadogo wakiwemo, waliuawa nyumbani kwao, na alitaka wauaji waletwe mbele yake. Lakini miongoni mwa madai yake lilikuwa hili pia, kwamba filamu inayomtukana Mtume iondolewe. Kumbi zilisimamisha maonyesho. Mwandishi wa habari wa redio aliuawa kwa risasi, na diwani Marion Barry, aliyekuja kuwa meya wa jiji hilo, akajeruhiwa. Mabalozi wa Misri, Pakistan na Iran walizungumza na Khaalis, wakamsomea Kurani, na tarehe 11 mateka wakaachiliwa.

Filamu ilirudi kumbini, lakini ilikwisha kupoteza soko lake la Marekani. Akkad hakukata tamaa. Mwaka 1978 aliweka fedha zake katika filamu ndogo ya kutisha iliyogharimu takriban dola 300,000, Halloween ya John Carpenter, na muuaji mwenye barakoa akampa utajiri ambao masahaba hawakumpa. Mwaka 1981 alitoa Lion of the Desert juu ya Omar Mukhtar, shujaa wa Libya aliyenyongwa na Waitalia, na Quinn akarudi kuigiza mzee huyo. Italia iliizuia kwa miongo kadhaa.

Ndoto ya mwisho ilikuwa filamu ya Salahuddin, na Sean Connery alitajwa kuwa ndiye angeicheza. Haikutokea. Tarehe 9 Novemba 2005 Akkad alikuwa katika hoteli ya Grand Hyatt mjini Amman, amekwenda kumpokea binti yake Rima. Bomu la kujitoa mhanga lililotumwa na al-Qaeda ya Iraq lilimuua Rima, na baba akafariki siku mbili baadaye. Mtu aliyetumia maisha yake kuueleza Uislamu kwa Wamarekani aliuawa na watu waliodai kuupigania.

Filamu ina mapungufu, na si madogo. Bibi Khadija, aliyeamini kabla ya wote, hayumo isipokuwa kwa kutajwa. Makabila ya Kiyahudi ya Madina na migogoro yao yameachwa kando. Tofauti za masahaba wenyewe haizigusi kabisa. Katika toleo la Kiingereza mazungumzo mengine yamekakamaa kama hotuba. Waliokuja baadaye walisogeza mpaka mbele zaidi: mfululizo wa televisheni wa Omar wa mwaka 2012 ulimwonyesha Khalifa Umar waziwazi, na mwaka 2015 Muirani Majid Majidi alimwonyesha Mtume akiwa mtoto, uso wake ukifichwa. Kelele zilipigwa tena, tena kutoka Al-Azhar.

The Message, kwa upande wake, ikageuka kuwa mazoea. Vituo vya televisheni katika nchi nyingi za Kiislamu huirusha Ramadhani na Idi, na kanda zake za video zilifika mbali zaidi ya kumbi zilizoikataa. Juni 2018, kumbi za sinema zilipokuwa zimefunguliwa upya Saudi Arabia baada ya miaka 35 hivi ya kufungwa, toleo lake lililosafishwa picha lilionyeshwa humo kwa ruhusa ya serikali.

Anayetaka kuitazama leo asianze na Quinn. Aanze na toleo la Kiarabu, ambalo ni refu zaidi. Hind wa Irene Papas anaogopesha. Hind wa Muna Wassef anaogopesha na kuhuzunisha pia, kwa sababu tangu Badr hadi siku Makka inapofunguliwa hatusahau kwamba amefiwa na baba.